Cheche Ipo, Lakini Inakuja Saa Ngapi?

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hivyo chukua chai yako, ukae chini, tusome pamoja.

Nataka tuzungumze juu ya wakati. Si ule wakati wa Mungu tunaouimba kila Jumapili. Leo nazungumzia wakati wako wewe: wakati wa kuongea na mwanao, wakati wa kumkanya ndugu yako, wakati wa kupiga ile simu ambayo umekuwa ukiiahirisha. Kuna mtu ana neno la kweli mdomoni, na siku analolitoa nyumba inavunjika. Kuna mwingine ana neno lilo hilo, amelifungia kifuani miaka, na nyumba inavunjika vilevile. Neno ni la kweli kwa wote wawili. Sasa tatizo liko wapi?

Nitakujibu kwa gari.

Mnaonifuata hapa mnalijua lile gari aliloniachia marehemu baba, Volkswagen Beetle 1300 ya mwishoni mwa miaka ya 60. Vijana wa kanisa hulicheka. Wazee hulisalimia, kwa sababu wanakumbuka kwamba gari la aina hii lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, likashinda tena 1957 na 1962, siku ambazo barabara zetu nyingi zilikuwa vumbi na matope. Injini yake iko nyuma. Haina rejeta wala maji. Inapozwa na hewa.

Karibu mwaka mzima gari hilo lilikuwa linaumwa. Asubuhi linawaka vizuri. Ukianza kupanda kutoka Nakuru kwenda Njoro, na kutoka Njoro kwenda Molo, ambako unakaribia mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, linaanza kukohoa. Nguvu inaisha. Eksozi inapiga kama risasi mpaka kina mama walio kando ya barabara wanashtuka. Ukisimama, joto linalotoka kule nyuma unalisikia hata kabla hujafungua kifuniko.

Tuliliombea. Msicheke, tuliliombea. Na tulilitengeneza pia. Tulibadilisha plagi, tukabadilisha pointi na kondensa, koili, waya za plagi, na mwishowe distributa nzima. Kila fundi aliyeligusa alimalizia kwa jambo moja: alilegeza nati inayoishika distributa, akaizungusha kidogo, akasikiliza, akakaza. "Pasta, sasa iko sawa." Na kweli ilikuwa sawa. Kwa wiki moja.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu kama huijui injini hutaelewa ninakokupeleka.

Injini ya petroli hufanya kazi kwa hatua nne. Pistoni inashuka ikivuta hewa iliyochanganyika na petroli. Inapanda ikiukandamiza ule mchanganyiko. Cheche inapigwa, mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu, na hiyo nguvu ndiyo inayokupeleka kanisani. Kisha inapanda tena ikitoa moshi.

Sasa swali. Cheche inapigwa lini? Wengi watasema, pistoni ikifika juu kabisa. Hapana. Inapigwa kabla. Moto hauwaki wote mara moja. Unaanzia kwenye plagi na kuenea, na kuenea huko kunachukua muda. Ukitaka nguvu ya moto imkute pistoni anapoanza kushuka, lazima uuwashe angali anapanda. Kwenye injini yetu alama ni digrii 7.5 kabla ya kilele. Gari likiwa limesimama linanguruma taratibu, kama mizunguko 850 kwa dakika, hizo digrii ni sawa na sehemu moja na nusu ya elfu ya sekunde. Ukikanyaga mafuta mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, injini ya silinda nne inahitaji cheche 100 kila sekunde, kila moja kwa silinda yake na kwa wakati wake. Na kwa kuwa pistoni sasa anakimbia lakini moto bado unahitaji muda wake uleule, cheche inabidi itangulie zaidi. Ndani ya distributa kuna vyombo vya kuisogeza mbele kadiri mwendo unavyopanda.

Distributa ndiyo inayogawa cheche. Inaenda kwa zamu: silinda ya 1, ya 4, ya 3, ya 2. Hakuna anayeruka foleni.

Lakini distributa haijizungushi yenyewe. Na hapo ndipo tulipokuwa hatujaangalia.

Mwezi huu nilipelekwa kwa mzee mmoja hapa Nakuru. Gereji yake ni mabati matatu na mti wa mjakaranda. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hivyo kazi ya mikono inafanywa na kijana wake wa kazi, wa miaka 23. Mzee hakufungua kitu. Aliuliza tu.

"Pasta, cheche ipo?"

"Ipo, Mzee. Kubwa."

"Petroli ipo?"

"Ipo."

"Basi tuulize cheche inakuja saa ngapi."

Kijana akatoa kifuniko cha distributa. Akaweka spana kwenye nati ya puli ya jenereta, akaizungusha injini kwa mkono polepole mpaka silinda ya kwanza ikafika mahali pake pa kuwaka. Kwenye ukingo wa distributa kuna mkato mdogo. Silinda ya kwanza ikiwa tayari, rota inatakiwa iutazame mkato huo. Distributa yangu ilikuwa imezungushwa na kuzungushwa mpaka kile kikopo chake cha pembeni kimegota. Hapakuwa tena na nafasi ya kuizungusha. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakifukuzia kitu kilichokuwa kinawakimbia.

Mzee akaagiza distributa itolewe. Akachukua bisibisi, akaiingiza kwenye shimo kwa kupapasa, akatafuta ule mfereji ulio juu ya shafti iliyo chini. Akainua, akakandamiza, akatikisa kushoto na kulia. Akanipa nishike. "Sikia." Nikasikia shafti ikipanda na kushuka kupita kiasi, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye simu palepale: "Nyinyi mmekuwa mkimrekebisha mjumbe. Aliyemtuma ndiye hajui saa."

Mpendwa, chini ya distributa, ndani ya tumbo la injini, kuna shafti fupi iliyosimama wima. Inazungushwa na gia ya shaba iliyo kwenye kranki, ule mhimili mkuu wa injini. Hiyo shafti ndiyo inayoizungusha distributa na kuipa saa. Meno yake yamekatwa kwa mshazari, kwa hivyo ikipanda na kushuka, papo hapo inazunguka kidogo, na ikizunguka kidogo, cheche inahama. Imekalia visahani viwili vyembamba vya chuma, ambavyo mafundi huviita washa. Kila kimoja kikiwa kipya unene wake ni milimita 0.6. Vya kwangu vilikuwa vimelika kwa umri. Juu ya hayo, kuna mtu miaka ya nyuma aliwahi kuitoa shafti hiyo na kuirudisha ikiwa imepishana jino moja. Hakuna aliyeshuka kuangalia. Kila mtu alizungusha juu.

Sasa niwaambie juu ya huyo kijana. Yeye na baba yake wamenikubalia niandike, majina nimeyaacha.

Nilimjua tangu akiwa Sunday school, kule Njoro. Miaka miwili iliyopita, siku watu walipokuja kwao kwa mahari ya dada yake, hema limejaa, wageni wamekula, baba yake alisimama kushukuru. Katikati ya shukrani akamgeukia kijana na kusema mbele ya watu wote kwamba karo ya chuo aliyopewa aliimaliza kwa kubeti. Ilikuwa kweli. Kijana mwenyewe hakatai hata leo. Lakini usiku huo alichukua begi moja akatoka. Tangu siku hiyo baba hajampigia. Nikimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi namngoja, Pasta. Mlango uko wazi." Mlango uko wazi, lakini kijana hajawahi kuambiwa hivyo.

Turudi kwa gari. Kwanza walimwaga oili na kutoa ule wavu wa chini, wakautazama juani wakitafuta unga wa shaba. Ungepatikana, ingekuwa na maana kwamba ile gia ya shaba inalika, na injini ingebidi ipasuliwe yote. Mungu ni mwema, wavu ulikuwa safi. Basi wakatoa pampu ya petroli na kikalio chake, wakatoa springi ndogo iliyo juu ya shafti. Kijana alikuwa amechonga kipande cha mpini wa ufagio kikaingia kwa kubana kwenye tundu la shafti. Akakizungusha kwenda kushoto huku akivuta juu, kidogo kidogo, kwa sababu meno ya mshazari hayakubali kuvutwa moja kwa moja.

Shafti ikaanza kutoka. Mimi nimeshika tochi. Ilipokuwa imebaki kidogo itoke, Mzee akasema, "Simama."

Hakupaza sauti. Aliisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Mkono wa kijana ukatulia ulipokuwa. Ndipo nikaona: kisahani kimoja kilikuwa kimenata chini ya shafti kwa utando wa oili tu, kimening'inia upande mmoja. Pembeni ya mahali shafti inapokaa kuna uwazi unaoshuka mpaka kwenye kranki. Kisahani kikidondoka humo, una chuma kilicholegea katikati ya meno ya injini. Unaweza kukivua kwa sumaku ukibahatika. Usipobahatika, unapasua injini nzima kwa ajili ya kitu chepesi kuliko shilingi.

Mzee akapitisha sumaku ndogo chini ya shafti. Tik. Kisahani kikashikwa. "Endelea."

Macho yake hayaoni vizuri, nimewaambia. Nilipomuuliza alijuaje, akasema hakukiona. Katika miaka yote ya kazi hii ameona kisahani kikinata mara nyingi, na anajua kinapofika pale juu ndipo huanguka. Angesema mapema, kijana angekuwa bado anahangaika na meno na asingemsikia. Angechelewa nukta moja, tungekuwa tunatafuta winchi.

Na kwa nini hakupiga kelele? "Ningepiga kelele," akasema, "mkono ungeruka."

Visahani vipya vilitoka kwenye kopo kuukuu la Kimbo lililojaa vitu ambavyo yeye peke yake anajua ni vya nini. Kijana akavishusha kimoja kimoja kwa kuvipitisha kwenye spoku ya baiskeli, ili visipotee njia vikienda kukaa mahali pake. Kisha akairudisha shafti. Ule mfereji ulio juu yake hauko katikati; unaacha upande mmoja mpana na mmoja mwembamba. Silinda ya kwanza ikiwa tayari kuwaka, mfereji unatakiwa ukae kwa kuvuka mstari ambapo nusu mbili za injini zimeungana, na ule upande mwembamba uelekee kwenye puli. Shafti ikishuka inajizungusha kwa sababu ya mshazari, kwa hivyo lazima uianze mahali pengine ili iishie mahali pake.

Mara ya kwanza ikakaa jino moja pembeni.

"Mzee, si iko karibu tu?" kijana akauliza.

"Karibu ndiyo iliyoleta hili gari hapa."

Akaitoa tena. Mara ya pili haikukaa. Mara ya tatu ikakaa. Distributa ikarudi, rota ikautazama mkato wake, na kile kikopo cha pembeni kikawa na nafasi ya kwenda huku na huku. Pointi zikapimwa, milimita 0.4. Wakaunga taa ndogo ya volti 12 kati ya koili na bodi ya gari, swichi ikawashwa, alama ya puli ikawekwa kwenye digrii 7.5. Kijana akaizungusha distributa kwa vidole viwili, taratibu, mpaka pointi zikaanza tu kuachana. Taa ikawaka. Akakaza nati. Tukaweka oili mpya, akapiga stata.

Sitawaeleza zaidi. Gari liliwaka kama baba yangu bado yuko hai.

Jioni, wakinawa mikono kwa Omo, Mzee akamwambia kijana: "Leo umefanya vizuri. Siku nyingine ikikaribia kutoka, tanguliza sumaku kabla hujavuta." Basi. Baadaye nikamuuliza kando, "Mbona hukumwambia hilo palepale?" Akasema, "Palepale mikono ilikuwa imejaa." Nikamuuliza, "Na mbona usingengoja hata wiki ijayo, umkute ametulia?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Wiki ijayo atakuwa ameshasahau uzito wake mkononi."

Sikia hapa, mtu wa Mungu. Kuna makosa mawili ya wakati, na ningependa uyashike yote mawili.

KOSA LA KWANZA NI CHECHE KUWAHI MNO. Moto unawashwa pistoni akiwa mbali bado anapanda. Nguvu ambayo ingemsukuma chini inampiga usoni. Injini inagonga, wakati mwingine stata inarushwa nyuma. Na cheche ikienda kwa silinda ambayo mlango wake wa kuingiza bado uko wazi, moto unarudi kupitia kaburetta. Hakuna kilichokuwa na kasoro kwenye cheche yenyewe. Ilikuta tu mlango wazi. Ndivyo lilivyo neno la kweli linalosemwa mbele ya hema lililojaa wageni. Mtoto bado anapanda na aibu yake, hajafika mahali pa kuigeuza kuwa nguvu, na wewe umewasha. Halafu unashangaa, "Kwani nilisema uongo?" Hukusema uongo.

KOSA LA PILI NI CHECHE KUCHELEWA. Hili ndilo linalotudanganya sisi watu wa kanisa, kwa sababu linafanana na uvumilivu. Cheche ikichelewa, injini haigongi. Inanguruma tu, laini, na mwenye gari anadhani iko sawa. Lakini moto unawaka pistoni ameshaanza kukimbia kwenda chini, nguvu haimpati. Mchanganyiko unaendelea kuungua mpaka mlango wa kutolea moshi unafunguka, na moto unapita ukichoma valvu. Nguvu inapungua. Joto linapanda. Kwenye injini inayopozwa na hewa, joto hilo halina maji ya kulipokea. Inachemka kimya kimya mpaka siku moja inakufa mlimani, na watu wanasema, "Ilikuwa nzima tu jana."

Ndugu yangu, kuna ndoa inachemka kimya kimya. Kuna ndugu wawili wanasalimiana vizuri matangani, na katikati yao kuna neno la miaka kumi ambalo halijapigwa. Hakuna kelele, na kwa sababu hakuna kelele, tunasema kuna amani.

Mkumbuke Malkia Esta. Alikuwa na neno la kuokoa taifa lake. Mordekai alikuwa amekwisha kumwonya kwamba kunyamaza hakutamsalimisha hata yeye aliye ndani ya jumba la mfalme. Kwa hivyo kuchelewa kulikuwa kifo. Lakini mfalme alipomuuliza kwenye karamu ya kwanza, hakulisema. Aliwaalika tena kesho yake. Na usiku ule katikati ya karamu mbili mfalme akakosa usingizi, akasomewa kumbukumbu, akagundua kwamba Mordekai aliwahi kuokoa maisha yake na hakulipwa chochote. Usiku uleule, Hamani naye alikuwa anasimamisha mti wa kumtundika Mordekai. Esta aliposema kwenye karamu ya pili, moyo wa mfalme ulikuwa umeandaliwa. Soma mwenyewe sura ya tano mpaka ya saba. Angesema jana yake, mfalme alikuwa hajasomewa kitu. Angenyamaza tena, mti ulikuwa tayari. Hakulibadilisha neno. Alilitoa kwa wakati.

Utauliza, "Pasta, nitajuaje wakati?" Jibu la rahisi ni kuzungusha juu: jifunze kuongea kwa upole, hesabu mpaka kumi, chagua maneno. Ni mambo mazuri, yafanye. Lakini kama kila wiki unajirekebisha na kila wiki unarudi palepale, si ulimi wako ulio mbovu. Ulimi ni mjumbe. Shuka chini uangalie kinachouzungusha. Je, siku ile ulipomsema mwanao, kilichokusukuma kilikuwa kumjali yeye au aibu yako mbele ya watu? Na huu ukimya wako wa leo, ni uvumilivu au ni kiburi kilichovaa kanzu ya uvumilivu? Aibu ikikuzungusha utawahi. Kiburi kikikuzungusha utachelewa. Upendo tu ndio unaomtazama yule mwingine na kuuliza: amefika wapi sasa?

Siku iliyofuata tulilijaribu gari mlimani, mimi na yule kijana. Lilipanda Njoro bila kukohoa hata mara moja. Tulipokaribia njia ya kwao akageuza uso akatazama dirisha la upande wa pili. Kisha akasema, "Pasta, tugeuzie hapa." Nikageuza. Sikuhubiri. Mikono yake ilikuwa imejaa.

Lakini wiki hiyohiyo nilienda kwa baba yake. Nikamweleza habari za gari, maana yeye ni mtu wa magari, zamani aliendesha pikapu za kubeba maziwa. Nikamweleza cheche inayowahi, akacheka, akatikisa kichwa, alijua ninachosema. Nikamweleza ile inayochelewa, kwamba hiyo haigongi, inachemka tu. Hakucheka. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hivyo kungoja nako kuna mwisho?"

Nikasema, "Kuna mwisho, Baba."

Alipiga simu Jumamosi jioni. Waliongea dakika nne. Kijana aliniambia mwenyewe kwamba hawakuzungumza karo, hawakuzungumza ile siku ya hema. Mzee aliuliza kama kweli gari la Pasta sasa linapanda mlima, kijana akamwambia linapanda. Akauliza ni nani aliyeirudisha ile shafti. Kijana akasema, "Ni mimi." Mzee akasema, "Sawa."

Hajarudi nyumbani bado. Msije mkaandika hapa chini kwamba ni ushuhuda umekamilika, haujakamilika. Waombeeni. Lakini moto umewashwa, na safari hii umewashwa kwa kipimo.

Sasa nakugeukia wewe unayesoma. Kuna jina limekujia akilini tangu ulipoanza kusoma, unalijua. Kwa mwingine, leo Roho anakwambia: ngoja, bado anapanda, mikono yake imejaa, usiseme mbele ya watu. Kwa mwingine anakwambia: umengoja kupita alama yako. Usitafute hotuba. Dakika nne zinatosha. Uliza habari za gari.

Tuombe. Baba, tunakuja mbele zako na maneno tuliyoyasema kabla ya wakati na mengine tuliyoyaficha mpaka yakaanza kutuchoma. Shuka ndani yetu chini kuliko ulimi. Toa kilicholika, weka kipya, na utukaze mahali petu, si karibu na mahali petu. Wape wazazi sauti isiyofanya mkono kuruka. Wape watoto masikio ya kusikia simu ikiita. Na kila mlango ulio wazi, Bwana, yule aliye nje na ajulishwe kwamba uko wazi. Katika jina la Yesu, Amina.

Mungu akubariki. Kama kuna mtu unayetaka tumwombee, andika herufi ya kwanza tu ya jina lake hapa chini. Jina lote Mungu analijua. Tuonane kwa maombi ya asubuhi saa kumi na moja.